Skana haipigi picha, inapiga hesabu: historia ya mashini ambayo nkambo aliniuliza



Majuma machache yaliyopita nkambo mmoja alinikuta chini ya mwembe, pale tunapokaa jioni kusikiliza habari. Alifika Lubumbashi na familia yake wakitoka upande wa Mitwaba, na tangu wakati ule wanakaa kwa jamaa hapa mtaani. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya hospitali. Mjukuu wake alianguka kwa pikipiki akagonga kichwa, akapelekwa hospitali moja ya mjini, wakamfanyia skana. Feza ilitoka kwa makala waliyouza na kwa deni walilochukua kwa watu wa kanisa. Kisha munganga mwingine alitazama klishe ile akasema haisomeki vizuri, labda mtoto atapaswa kurudi.

Nkambo akaniuliza: "Mwanangu, mashini ni ile, kichwa ni kile. Inawezekana namna gani picha iwe mbaya? Na mtoto akirudi mule ndani, ile mionzi haitamzidia? Nikope tena ao nisikope?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa mtaa, si munganga. Nikaenda kuuliza wanaojua, nikasoma, na nikakuta kwamba swali la nkambo ndilo swali lililowasumbua wataalamu tangu skana ilipozaliwa: tutajua namna gani kama picha iliyotoka kwenye mashini inasema kweli? Leo nawasimulia historia hiyo, kwa sababu familia nyingi hapa zinalipa skana kwa shida, na anayelipa ana haki ya kuelewa alicholipia.

Radio ya kawaida na kivuli chake

Tuanze na kile tunachokijua wote, radio ya kifua au ya mkono. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwalimu wa fizikia Wilhelm Röntgen aliona mionzi isiyoonekana kwa macho ikipita katika vitu na kuacha kivuli cha mifupa. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Lakini kivuli kina shida yake. Simama mbele ya taa ukishika sufuria, nyuma yake sahani, nyuma yake kijiko. Ukutani utaona doa moja jeusi, na hutajua kijiko kiko wapi. Radio ya kawaida iko hivyo: mbavu, moyo, mapafu na mgongo vinalala juu ya kivuli kimoja. Kwa mkono uliovunjika inatosha. Kwa kichwa haitoshi, kwa sababu mfupa wa fuvu ni mgumu na unaficha ubongo ulio ndani. Kwa zaidi ya miaka 70 baada ya Röntgen, mtu aliyevuja damu ndani ya kichwa alipigwa radio, na radio ile haikuweza kuonyesha ile damu yenyewe.

Kobalti na reli ya kusini

Sehemu ya pili ya historia haikuanza Ulaya. Ilianza huku kwetu Afrika, katika mji wa Cape Town, mwisho wa ile njia ya reli ambayo ilipanda kutoka kusini na kufika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956 alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Cape Town. Hospitali ya Groote Schuur ilikosa mtu wa kusimamia vifaa vyenye mionzi, na sheria ilidai awepo mtu wa fizikia. Cormack akaombwa aende siku moja na nusu kila juma, kwa miezi sita. Akakaa akitazama wanganga wakipanga matibabu ya kansa kwa mionzi. Akaona kwamba wanahesabu kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja kinachofanana kila mahali, wakati ndani kuna mfupa, nyama, mafuta na hewa, na kila kimoja kinakula mionzi kwa kiasi chake.

Akajiuliza: je, naweza kujua kilicho ndani kwa kupima nje tu, nikipitisha mionzi kutoka pande nyingi?

Mwaka 1957 alijaribu. Alichukua silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao, akapitisha mionzi, akapima kiasi kilichotoka upande wa pili. Mionzi ile ilitoka kwa kobalti 60. Kobalti ni jina ambalo mtoto yeyote wa Lubumbashi analijua: iko katika mawe ya Kolwezi na Likasi, na iko ndani ya ule mlima mweusi wa masalio ya Gécamines unaoonekana kutoka mjini. Kobalti ya kawaida ikiwekwa katika tanuru la nyuklia inageuka kuwa kobalti 60, inayotoa mionzi mikali.

Cormack akafanya hesabu zake. Alumini ikatokea mahali pake, mbao mahali pake. Lakini katikati kabisa ya alumini namba zilikuwa tofauti kidogo na zilivyotazamiwa. Akaenda karakana kumuuliza fundi. Akaambiwa kwamba katikati ya ile silinda palikuwa na kipande kingine cha alumini kinachokula mionzi kidogo kuliko sehemu nyingine. Hakuna aliyemwambia Cormack mbele ya kazi. Hesabu ndiyo iliyomwambia.

Nawaomba mshike kisa hiki mpaka mwisho. Cormack aliamini hesabu yake kwa sababu aliweza kwenda karakana na kuuliza ndani kuna nini. Kwa mgonjwa hatuwezi kufanya hivyo. Hatufungui kichwa cha mtoto ili tuhakikishe kama skana ilisema kweli.

Cormack alitoa maandishi yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kushangaza kuliko yote la kupata nakala lilitoka Uswisi, kwa watu wanaochunguza theluji inayoporomoka milimani.

Magunia manne ya makala

Hesabu yenyewe ni ya namna gani? Nkambo aliponiuliza hivyo, nilitumia mfano wa makala, kwa sababu yeye ni muuzaji.

Weka magunia manne yaliyofungwa, mawili juu na mawili chini, kama madirisha manne. Huruhusiwi kufungua wala kupima gunia moja peke yake. Unaruhusiwa kupima mawili mawili kwa mstari. Ya juu mawili yana kilo 12. Ya chini mawili kilo 8. Ya kushoto mawili, la juu na la chini, kilo 11. Ya kulia mawili kilo 9. Kisha unapima kwa mshazari: la juu kushoto na la chini kulia, kilo 7, la juu kulia na la chini kushoto, kilo 13. Kila gunia lina kilo ngapi?

Kuna njia mbili za kufika.

Njia ya kwanza ni kukisia na kusahihisha. Jumla ni kilo 20, basi kisia kwamba kila gunia lina 5. Ya juu yangekuwa 10, lakini mzani ulisema 12, ongeza 1 kwa kila moja: sasa juu ni 6 na 6. Ya chini yangekuwa 10, mzani ulisema 8, punguza 1: chini ni 4 na 4. Nenda kwa mistari ya kusimama. Kushoto una 10, mzani ulisema 11, ongeza nusu kwa kila moja. Kulia una 10, mzani ulisema 9, punguza nusu. Malizia na mshazari kwa namna hiyohiyo. Utapata juu 5 na 7, chini 6 na 2. Jaribu na kalamu, utaona kila jumla inakubaliana na mzani.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja. Kwa kila gunia, jumlisha vipimo vyote vilivyoligusa. La juu kushoto: 12 na 11 na 7, ni 30. La juu kulia 34, la chini kushoto 32, la chini kulia 24. Namba hizo zinakaribiana sana. Ungezigeuza kuwa picha ungeona ukungu mtupu, kwa sababu kila gunia limebeba uzito wa jirani zake. Sasa safisha: toa 20 kwa kila moja, kisha gawa kwa 2. Unapata 5, 7, 6 na 2, sawasawa na njia ya kwanza. Ile hatua ya kusafisha wataalamu wanaiita kichungi.

Skana inafanya hivyo, ila badala ya magunia manne ina maelfu na maelfu ya vidoa, na badala ya mzani ina mionzi inayozunguka mwili. Ile klishe ya nkambo ni jibu la hesabu ya namna hiyo.

Sasa tia kosa. Mzani ukidanganya kilo 1 kwenye mstari wa juu, ukisoma 13 badala ya 12, njia ya pili itawapa magunia yote mawili ya juu kosa la nusu kilo. Huwezi kujua kwa kutazama jibu. Linaonekana zuri tu.

London, siku 9 kwa picha moja

Mtu aliyejenga mashini yenyewe ni Mwingereza Godfrey Hounsfield, fundi wa kampuni ya EMI, ileile iliyokuwa ikiuza sahani za muziki. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu, wala hakujua kazi ya Cormack. Wazo lake lilianza mwaka 1967. Katika jaribio lake la kwanza kupima kulichukua siku 9, vipimo karibu 28,000, na ordinateri kubwa ilihitaji saa mbili na nusu kutoa picha moja. Alijaribia kwenye ubongo wa ng'ombe alioupata kwa muuza nyama.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza aliingizwa ndani ya mashini. Alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe katika ubongo. Picha ilikuwa na vidoa 80 kwa 80, yaani vidoa 6,400 tu. Simu ya mfukoni ya leo ina vidoa mara mia nyingi zaidi. Hata hivyo uvimbe ulionekana, sehemu ya mbele ya ubongo, na mpasuaji aliukuta palepale.

Hounsfield aliacha pia kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Maji ni 0. Hewa ni 1000 chini ya sifuri. Mfupa mgumu unafika 1000 na kupita. Ubongo uko karibu 35, na damu iliyotoka kuvuja ni kama 60. Tazameni tofauti hiyo: kati ya hewa na mfupa kuna hatua 2000, lakini kati ya ubongo mzima na damu inayoweza kuua kuna kama 25. Ndiyo sababu kosa dogo la hesabu katika kichwa si jambo dogo.

Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa munganga.

Kichwa cha hesabu tupu

Mashini ya Hounsfield ilianza na njia ya kwanza, ya kukisia na kusahihisha. Lakini mwaka 1971 wahindi wawili, Ramachandran na Lakshminarayanan, walionyesha namna rahisi na ya haraka ya kufanya njia ya pili, ile ya kichungi. Hapo swali la nkambo likatokea kwa mara ya kwanza kwa wataalamu wenyewe: mtu mmoja, vipimo vilevile, hesabu mbili, picha mbili. Tuamini ipi?

Kutazama ipi ni nzuri hakutoshi. Picha laini yaweza kuwa imefuta ugonjwa. Picha yenye mistari mikali yaweza kuwa imetunga mistari ambayo haiko.

Mwaka 1974 Lawrence Shepp na Benjamin Logan, wataalamu wa hesabu wa maabara ya Bell huko Marekani, walifanya jambo la akili. Walitengeneza kichwa kisichokuwapo. Walichora kwa hesabu tupu maumbo 10 ya yai: moja kubwa kwa fuvu, mengine madogo kwa sehemu za ubongo na vivimbe vidogo. Kwa kuwa wao ndio walioandika kila namba, walijua kila kidoa kinapaswa kuwa na thamani gani. Wakapitisha mionzi ya hesabu, wakafanya njia zote mbili, wakalinganisha na ukweli walioujua. Njia ya kichungi ikashinda, na vitu vidogo vilionekana vizuri zaidi. Baada ya hapo karibu skana zote za dunia zilifuata njia ya kichungi kwa zaidi ya miaka 30, na kichwa kile cha mayai 10 bado kinatumiwa na wanafunzi mpaka leo.

Kitu cha namna hiyo wataalamu wanakiita fantomu. Najua kwa Kifaransa neno hilo ni mzimu, na mtu mmoja aliponisikia akacheka. Hakuna uchawi. Fantomu ni gunia ambalo umelifunga mwenyewe na unajua lina kilo ngapi. Ukilipitisha kwenye mzani, unapima mzani, hupimi gunia.

Kuna pia fantomu za kushika mkononi, za plastiki, ambazo huwekwa ndani ya skana mahali pa mgonjwa. Zinajibu maswali manne.

La kwanza ni chembechembe. Jaza chombo maji. Kila kidoa kingepaswa kusoma 0. Kimoja kikisoma 8, kingine 5 chini ya sifuri, kingine 11, hiyo ni kelele ya mashini, kama redio ambayo haijashika stesheni vizuri.

La pili ni ukali. Weka mistari myembamba karibu karibu, na uone ni wapi mashini inashindwa kuitenganisha ikaifanya mstari mmoja.

La tatu ni tofauti ndogo. Weka viduara vinavyofanana sana na plastiki inayovizunguka, kama damu inavyokaribiana na ubongo, na uone kipi kidogo zaidi bado kinaonekana.

La nne ni alama za uongo: michirizi inayotoka kwa meno ya chuma, kwa hereni, au kwa mgonjwa aliyetikisika.

Mashini haiwezi kupata alama za juu kwa yote manne. Kichungi kikali kinaonyesha ufa mwembamba wa mfupa, lakini kinaongeza chembechembe mpaka ubongo hausomeki. Kichungi laini kinatuliza ubongo, lakini kinafuta ufa. Kwa hiyo vipimo vya kichwa kilichogonga vinafaa kuhesabiwa mara mbili, moja kwa ajili ya ubongo na moja kwa ajili ya mfupa.

Mionzi na watoto

Mtu atasema: basi ongeza mionzi, picha iwe safi. Ni kweli inasaidia, ila bei yake ni kubwa. Ukitaka kupunguza chembechembe ziwe nusu, unapaswa kuongeza mionzi mara nne. Skana moja ya kichwa inatoa karibu milisiverti 2, wakati radio ya kifua iko kwenye 0.1 au chini yake. Duniani mtu hupokea kwa wastani karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Kwa hiyo skana moja inayohitajika haipaswi kumtisha mzazi. Ugonjwa usioonekana ni hatari zaidi. Lakini skana za kurudiarudia bila sababu si mchezo, hasa kwa mtoto, ambaye mwili wake unakua na ana miaka mingi mbele yake.

Mwaka 2001 David Brenner na wenzake huko New York waliandika juu ya hatari ya kansa kwa watoto wanaofanyiwa skana. Hospitali nyingi wakati ule zilikuwa zikiwapa watoto mionzi ya kipimo cha watu wazima. Maandishi hayo yalishtua watu, na kazi ya kutafuta picha nzuri kwa mionzi kidogo ikapata nguvu.

Hapo ile njia ya kwanza, ya kukisia na kusahihisha, ikafufuka. Ilikuwa imeachwa kwa sababu ordinateri za zamani zilikuwa za polepole. Kuanzia karibu mwaka 2009 makampuni yalianza kuiuza tena ndani ya skana mpya, na tangu 2019 zikaja njia za akili bandia, ambapo ordinateri imefundishwa kwa picha nyingi namna picha safi inavyopaswa kuonekana. Chembechembe zikapungua kwa mionzi kidogo.

Lakini wanganga wakaanza kuona jambo. Picha nyingine zilikuwa laini mno, kama plastiki. Kwenye chombo cha maji zilipata alama nzuri sana, ila doa dogo hafifu la ugonjwa liliweza kulainishwa pamoja na chembechembe. Kipimo cha zamani kilisema picha ni bora, na jicho la munganga halikukubali. Ikaonekana kwamba kuhesabu chembechembe peke yake hakutoshi.

Hivyo wataalamu wanaongeza jaribio lingine, ambalo mizizi yake ni kwa watu wa rada wa vita vya pili vya dunia, waliotazama kioo na kusema kama doa ni ndege au si kitu. Lee Lusted, munganga wa Marekani, alilileta kwenye kazi ya radio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Unawapa wanganga picha nyingi zilizochanganywa, nyingine zina ugonjwa na nyingine hazina, na huwaambii zimetoka kwa njia gani ya hesabu. Unahesabu mara ngapi waliona ugonjwa uliokuwapo, na mara ngapi waliona ugonjwa usiokuwapo. Njia inayowasaidia kuona kweli ndiyo bora, hata kama picha yake haipendezi sana.

Turudi kwa nkambo

Baada ya kuelewa hayo nilirudi kwa nkambo na maswali mawili ya kupeleka hospitali. La kwanza: mtoto alitikisika wakati wa skana, ao picha ilitoka hivyo kwa ajili ya namna ilivyohesabiwa? La pili: vipimo vya mashini bado vimehifadhiwa?

Maswali hayo yanatoka moja kwa moja kwenye historia hii. Kama mtoto alitikisika sana, vipimo vyenyewe vimeharibika, na mara nyingi hesabu haiwezi kuviponya. Hapo kurudia kunaweza kuwa lazima. Lakini kama vipimo ni vizuri na kilichokosea ni kichungi au unene wa vipande, basi vinaweza kuhesabiwa upya bila kumrudisha mtoto ndani na bila mionzi hata kidogo. Jambo la kuangalia ni wakati: mashini hazishiki vipimo ghafi milele, nyingi zinavifuta baada ya siku chache ili kupata nafasi.

Nkambo alirudi pale na mama ya mtoto, wakauliza kwa upole. Teknisiani mmoja aliwasikiliza, akafungua ordinateri. Vipimo vilikuwa bado viko. Klishe waliyopewa ilikuwa ya kichungi laini peke yake, vipande vinene. Akahesabu tena kwa kichungi cha mfupa, vipande vyembamba. Munganga akaona mstari mwembamba wa ufa kwenye mfupa wa upande wa kushoto. Ubongo haukuwa na damu. Mtoto anafuatwa mpaka sasa, na nkambo hakukopa mara ya pili.

Haitakuwa hivyo kwa kila mtu. Siku nyingine jibu litakuwa kwamba lazima kurudia, na tukubali. Lakini kuna mambo ambayo familia inaweza kufanya:

Mbele ya skana, toa hereni, pini za nywele, mkufu na kila chuma. Mwanamke mwenye mimba aseme mapema. Mtoto aelezwe na mtu anayemwamini kwamba atalala bila kutikisika kwa muda mfupi. Skana za leo zinamaliza kichwa kwa sekunde chache.

Baada ya skana, omba sidii na si klishe tu. Klishe ina vipande vichache vilivyochaguliwa, sidii inaweza kubeba picha zote. Ihifadhi pamoja na karatasi ya munganga, na ninyi mnaohama hama kwa ajili ya vita, iwekeni pamoja na vyeti vya kuzaliwa, ili munganga wa mji mwingine asiagize skana mpya kwa kukosa ya zamani.

Ukiambiwa picha si nzuri, uliza mapema, siku hiyohiyo kama unaweza, kama inaweza kuhesabiwa upya. Uliza kwa heshima. Hata Cormack mwenyewe, alipoona namba asizozielewa, alishuka karakana kumuuliza fundi.

Nkambo anawasalimu. Jioni ya juzi alikuja tena chini ya mwembe na magunia manne madogo, akataka vijana wapime mawili mawili. Walibishana mpaka giza likaingia, na mmoja wao akapata jibu.